Shemeji Anafuatilia

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, umeketi, na miwani iko karibu. Magoti yanasemaje siku hizi? Mara ya mwisho ulituambia ngazi za nyumba yenu zinakutoa jasho, na kwamba unapumzika katikati ukijifanya unatafuta funguo. Na kikohozi je, kimekwisha? Usikidharau. Wewe ndiye pekee uliyebaki upande wa Baba, na tunakutegemea hata kama kukuandikia tunakuandikia kwa nadra.

Sisi huku tunavuta siku. Mama presha inapanda na kushuka, ila mdomo uko palepale. Juzi kanigombeza kwa sababu ya kola ya blauzi ambayo si yake wala si yangu, ni ya mteja. Mimi mgongo unanisumbua, na vidole vimeanza kuwa na ganzi asubuhi, lakini cherehani inazunguka na watu bado wanavaa nguo, basi namshukuru Mungu.

Sasa Shangazi, huyu aliyekukabidhi bahasha hii ni Chiriku. Ni yule mtoto wa mwisho wa kaka yako uliyemwacha akitambaa na kula mchanga, najua hutamtambua. Kabla hujaendelea kusoma, mwingize ndani, mpe maji ya kuoga na mahali pa kujinyoosha, wala usimuulize kitu. Usimwombe namba ya simu, hana simu. Na simu yako wewe iache hapohapo ilipo. Usimpigie mtu kusema mgeni amefika. Usimpigie Mama. Usinipigie mimi. Ukimaliza kusoma utaelewa.

Jina la Chiriku tulimpa kwa sababu ya kuongea. Alianza mapema, na alipoanza hakunyamaza tena. Baba alikuwa akisema nyumba hii haihitaji redio. Alipokua akapata kazi ya kutengeneza meno ya bandia, kwenye karakana ndogo nyuma ya kliniki ya mama mmoja mtu mzima, daktari wa meno. Sisi tunamwita Daktari tu. Ukiingia karakana ile unapokewa na mataya ya plasta yaliyopangwa kwenye rafu, yote yamekukenulia. Chiriku alikuwa anayasalimia asubuhi moja moja. Atakwambia hili ni la mwalimu mkuu, hili ni la bibi anayetaka meno makubwa kuliko ya mke mwenzake, hili mwenyewe anayasaga usingizini hadi mumewe kahamia chumba kingine. Mikono inapasha nta kwenye moto mdogo, mdomo haufungi.

Na hata mume kampatia humohumo. Shemeji alikuja kutengenezewa jino la pembeni, akarudi kulilalamikia, akarudi tena kulisifu, na safari iliyofuata hakuwa na habari ya jino.

Ni mtu mtaratibu, Shangazi. Shati limenyooka, kucha safi, na sauti ya chini hadi unalazimika kumsogelea ili umsikie. Anafanya kazi kwenye kampuni ya malori. Haendeshi, hapakii, hashushi. Anakaa mbele ya kompyuta yenye ramani, na kila lori humo ni kidoti. Lori likitoka njia, anaona. Dereva akisimama pasipopangwa, anampigia: "Mbona umesimama?" Siku alipokuja nyumbani kujitambulisha, Mama alimuuliza kazi yake hasa ni ipi.

"Kufuatilia, Mama," alisema. "Nikikabidhiwa kitu, nakifuatilia."

Mama alifurahi utadhani kapewa nyumba. Nami nilifurahi, sitakudanganya.

Wewe ulikuwa mwalimu wa lugha, kwa hiyo nisahihishe nikipotoka. Kwetu neno hilo lilikuwa neno zuri. Baba alikuwa akija shuleni kufuatilia maendeleo yetu, anasimama dirishani kofia mkononi, nasi tunaandika kwa bidii ya ghafla. Mama alipofanyiwa upasuaji, muuguzi aliyekuwa akipita nyumbani alisema amekuja kufuatilia kidonda. Asiyekufuatilia ni mtu aliyekutupa. Hivyo ndivyo tulivyolijua, na ndivyo Mama anavyolijua hadi leo.

Lakini siku hizi nikikaa kwenye mashine nalifikiria kama nguo. Kufuata ni kwenda nyuma ya mtu, naye akigeuka anakuona. Kufuatia ni kuja baada yake tu, kama Jumanne inavyofuatia Jumatatu, bila ubaya. Ukiongeza kipande kingine cha kitambaa likawa kufuatilia, basi nguo imerefuka hadi imemfunika miguu aliyeivaa. Husikii tena anakanyaga wapi.

Baada ya harusi alituletea simu mpya, Mama, mimi na Chiriku. Alikaa sebuleni kwa Mama mchana kutwa akiziweka sawa, akituomba kidole cha kila mmoja ili simu itufahamu, taratibu, kama daktari anayepima mapigo. Maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni. Akasema zikiwa hivyo ndiyo zinafanya kazi vizuri. Alipotuambia tubonyeze, tulibonyeza. Mama alimwombea dua palepale, simu ikiwa mkononi.

Mwanzo ilikuwa mzaha. Chiriku akivuka barabara kununua plasta, simu inalia. "Umetoka kazini?" Akikaa sana sokoni, simu inalia. "Mbona umesimama?" Tulicheka. Nilimwambia, mdogo wangu, umeolewa na mwenye malori, vumilia kuwa lori. Yeye naye alicheka, wakati huo bado alikuwa anacheka.

Kisha maneno yakaanza kumpungua. Sikuligundua mara moja, maana mtu aliyezoea kelele akipata utulivu hufikiri ni raha. Alikuwa akija kwangu anakaa kwenye kochi la wateja, anatazama simu, anaondoka kabla chai haijapoa. Ukimuuliza kitu, anapima jibu kwanza kama anayepima kitambaa cha ghali. Nikamwambia Mama mtoto amebadilika. Mama akasema ametulia, ndoa imemtuliza, mume anamfuatilia vizuri.

Daktari alitaka kumpeleka kwenye mafunzo ya mashine mpya, zile zinazochonga meno zenyewe. Chiriku akaenda chuoni kuulizia, akakaa kwenye benchi la ofisi akisubiri zamu. Simu haikulia. Aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha. Alipofika nyumbani alikuta mumewe amepika, ameandaa meza, ameketi.

"Chuoni kuna nini?" alimuuliza.

Chiriku akajaribu kueleza. Yaliyofuata hapo siyaandiki, atakusimulia mwenyewe akitaka. Nakuandikia tu nilivyoyajua.

Mchana mmoja alikuja kwangu wakati wa mapumziko ya kazi. Nilishangaa kumwona hana simu mkononi. Akasema ameiacha karakanani, kwenye droo, ili idhani yeye yuko kazini. Akaketi chini, mgongo umeegemea meza yangu ya kukatia.

"Dada, nataka kukwambia jambo, usinikatize," alisema. "Unaliona hili jino la mbele?"

Nikaliangalia. Lilikuwa jino.

Akaligonga kwa ukucha. "Si langu. Nimelitengeneza mwenyewe."

Shangazi, nilikuwa nimekaa naye meza moja, nimekula naye, nimemtazama usoni mara ngapi sijui, nisigundue. Kazi yake ni nzuri kiasi hicho. Aliniambia alilichonga akiwa peke yake karakanani, taya lake mwenyewe la plasta limewekwa mbele yake kati ya mataya ya wateja. Daktari alimbandikia bila kuuliza, halafu akatoka nje, na Chiriku akamsikia analia kwenye sinki.

Aliniambia pia kwamba amekwishakwenda polisi. Alikuwa na simu yake mkobani. Kabla hajamaliza kueleza, mumewe aliingia, akampa askari mkono, askari akasimama kumpokea. Kumbe kuna lori liliwahi kuibwa, Shemeji akalifuatilia kwenye kompyuta yake hadi likapatikana, na pale kituoni wanamjua kwa jina. Akamshika Chiriku bega akamwambia askari, mke wangu ana msongo wa mawazo. Wakaondoka pamoja.

Nilikuwa bado nimemshika mikono tuliposikia nyayo kwenye ngazi. Unazijua ngazi zile za mbao, haziwezi kuficha mtu. Hodi. Shemeji kaingia na mfuko wa machungwa.

"Za kazi, Dada," alisema. Akanipa machungwa kwa mikono miwili. Halafu akatoa simu ya Chiriku mfukoni, akaiweka mezani juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, polepole, kama anayerudisha kitu cha mtu. "Umeisahau kazini. Nimekuletea."

Chiriku hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Niliona vizuri anachofikiri, kwamba mimi ndiye niliyemwita, kwamba kila anachoniambia nampelekea. Nilitaka kuapa palepale, lakini ningeapa nini mbele ya mtu yule? Alisimama, akapangusa sketi, wakashuka. Yeye mbele, mumewe nyuma. Machungwa nilimpa mwenye duka la vioo.

Baada ya siku ile hakuja tena kwangu. Nikipiga, anajibu ndiyo na hapana. Nililia sana, Shangazi. Nilijiuliza mtu yule ana jini au ana nini.

Hana jini. Simu yangu ilianguka kioo kikapasuka, nikaipeleka kwa fundi simu wa pale kona. Wakati anabadilisha kioo aliniuliza mbona simu inaongea kizungu na mimi naongea Kiswahili. Nikamwambia nilipewa hivyo. Akaigeuza lugha, akanirudishia, nikarudi kazini. Nilikuwa nampima mteja kiuno, pini mdomoni, simu ikawaka mezani. Sasa ilikuwa inaandika kwa lugha ninayoisoma: "Programu hii inafuatilia mahali ulipo na inatumia maikrofoni. Endelea kuruhusu?"

Nilisoma nikarudia. Mteja akaniuliza kama nimejichoma. Muda wote ule simu ilikuwa inaniuliza, nami nilikuwa nabonyeza ndiyo, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa sebuleni kwa Mama. Siku ya machungwa ilikuwa imelala mezani, hatua moja kutoka kichwani kwa Chiriku, inasikiliza.

Nikaiacha mezani, nikarudi mbio kwa fundi. Nikamwambia aje aiue.

"Ukiizima, atajua umejua," alinijibu. "Na Mama yako naye ana kama hiyo? Basi iache iendelee na maisha yake."

Nimefuata ushauri wake. Simu yangu inaishi maisha safi, Shangazi, hata mimi mwenyewe naionea wivu. Inakwenda sokoni, inakwenda kwa Mama, inarudi, inasikia wateja wakilalamikia zipu. Hata sasa ninavyokuandikia iko hapa kando ya taa ya mashine, na mguu wangu unakanyaga cherehani isiyo na uzi ili isikie kazi. Ukiona mwandiko unayumba, ni hilo tu.

Lakini ilibidi Chiriku ajue kwamba sikumsaliti. Kwake sikuweza kwenda. Kumwandikia meseji ndiyo kabisa. Nikaona simu haiwezi kumlaumu mtu kwa kuumwa jino. Nikapiga kliniki, nikalalamika kwa sauti, nikapewa nafasi, nikaenda na simu yangu kama mgonjwa yeyote. Daktari akanifungua mdomo, akatazama, akaniambia jino lako ni zima. Nikamwonyesha kidole mlango wa karakana. Alinielewa bila neno.

Chiriku alikuwa amevaa miwani ya kazi, unga mweupe kwenye nyusi. Aliponiona akageuza uso. Nikaiweka simu yangu kwenye trei, kando ya ile yake, nikazionyesha zote mbili, nikagusa sikio. Alitazama simu, akanitazama mimi, akatazama simu tena. Kisha akawasha mashine ya kusagia.

Hujawahi kusikia kelele ile. Inaingia kwenye mifupa. Alishika taya la mtu akaliminya kwenye gurudumu, nami nikamwekea mdomo sikioni nikamweleza yote, fundi, lugha, maandishi, machungwa. Taya la watu likasagika hadi likawa kama kipande cha sabuni. Alipoelewa alinishika shingo kwa mkono wenye vumbi, akaniambia sikioni, "Nilikuchukia, Dada. Nilikuchukia kila siku." Nikamwambia najua. Tulisimama hivyo, mashine inalia, mataya yote yanatukenulia.

Tulipanga mambo kwa njia hiyo. Nilikuwa na jino bovu kwelikweli kwa muda. Mama alinitumia karafuu.

Jumatano Chiriku alikwenda kazini kama kawaida. Simu akaichomeka kwenye chaja juu ya meza yake, akawasha mashine ya kusagia ili iisikie, akatokea mlango wa nyuma na gauni alilolivaa tu. Daktari alimchukua kwenye gari lake, akamlaza kiti cha nyuma, juu yake akamfunika makoti meupe ya kliniki kama mtu anayepeleka nguo kwa dobi. Yuko kwa Daktari hadi sasa, kwenye chumba cha stoo chenye dirisha la juu. Jumatatu anaanza safari. Barua hii nitamtumia kwa mkono wa Daktari, imeshonwa ndani ya bitana ya koti, chini ya kwapa la kushoto. Koti nimemshonea mimi, lina joto, mruhusu alivae hata ndani ya nyumba.

Alhamisi Shemeji alikuja.

Nilizisikia nyayo zake ngazini nikajua ni yeye, kwa sababu hazina haraka. Alikaa kwenye kochi la wateja, akaokota kipande cha kitambaa sakafuni, akakikunja kikawa mraba, akakikunja tena.

"Hayupo hapa, Shemeji," nilimwambia.

"Najua hayupo. Sijauliza."

Nikaendelea kushona. Sindano ilikuwa inapita kando ya mstari, yeye akawa anaiangalia.

"Mtu asiyejua kazi," alisema kwa ile sauti ya chini, "lori likimpotea anakimbia huku na huku, anauliza watu, anachoka. Mimi sikimbii, Dada. Lori linataka mafuta. Dereva anataka kula. Litasimama mahali, na hapo litakaposimama kuna mtu ataliona, na mtu huyo ana simu."

"Mdogo wangu si lori," nilimwambia.

Akacheka kidogo. Alionekana kama ameumia kweli. "Usinielewe vibaya. Ni mke wangu. Nafuatilia tu."

Akasimama, akakiweka kile kitambaa mezani pangu, kimekunjwa vizuri. Mlangoni akageuka.

"Yule shangazi yenu wa mbali, mwalimu. Mama ameniambia anasumbuliwa na kikohozi."

Nikamwambia sina habari, hatuwasiliani sana. Akasema pole yake. Akashuka taratibu, na chini nikamsikia anamsalimia mwenye duka la vioo na kuulizia watoto wake.

Shangazi, Mama hajui lolote. Nimejaribu kumwambia mara moja, tukiwa bafuni kwake, bomba limefunguliwa. Alinisukuma mkono. Aliniambia nina wivu kwa sababu mimi mume wangu aliondoka bila hata kugeuka nyuma, na mdogo wangu kapata anayemfuatilia. Simlaumu. Shemeji anampigia asubuhi na jioni, anamuuliza amemeza dawa, amelalaje, miguu imevimba. Mimi mwanawe wa kumzaa simpigii hivyo. Kwake mtu huyo ndiye mwana.

Na jana Mama aliniambia kwa furaha kwamba amempa Shemeji anwani yako, nyumba hadi mlango. Anataka kukutumia dawa ya kikohozi.

Kwa hiyo Chiriku asikae kwako. Naomba unisamehe kwa kukuletea mzigo na papohapo kukwambia uutue. Alale, ale, halafu umpeleke kwa mtu unayemwamini wewe, ambaye mimi simjui, Mama hamjui, na jina lake halijawahi kutajwa kwenye simu yoyote ya nyumba yetu. Usimpe simu hata ya kuazima. Akitaka kusikia sauti ya Mama, na atataka, mkumbatie, lakini usimpe. Ana mikono ya kazi; popote penye kliniki atapata riziki, ila asitumie jina lake. Na akija mtu mlangoni pako na mfuko wa dawa, mpokee vizuri, mshukuru, mkoholee, mwambie huna mgeni. Atakuwa mpole sana. Usimkaribishe ndani.

Barua hii ukiimaliza ichome.

La mwisho ndilo gumu. Usinijibu. Usiniambie kama amefika. Usimtumie mtu aniambie, wala usinitumie salamu za mafumbo, kwa maana yeye mafumbo anayaelewa kuliko mimi. Tangu Chiriku alipoanza kutembea mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa yuko wapi, na siku zote nilijua: yuko uani, yuko kwa jirani, yuko juu ya paa, Mama, anakula embe bichi. Kuanzia Jumatatu sitajua. Sitajua kama gari lilifika, kama amekula, kama anaanza kuongea tena. Nitashona, nitakwenda sokoni, nitakwenda kwa Mama, na simu yangu pamoja nami. Shemeji akirudi kuniuliza, nitamtazama machoni nimwambie sijui. Nataka liwe kweli.

Msalimie binamu mkubwa na mkewe, uwabusu wajukuu wote, hasa yule wa kike mnayesema amenifanana pua, maskini. Wasalimie majirani zako wazuri. Wote wafikishie upendo wangu, lakini usiwaambie umeletwa na nani.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, aziweke gizani njia za anayekwenda na mbali mikono ya anayemtafuta. Amina.

Akupendaye hata akinyamaza,
mtoto wa kaka yako,
Mshonaji.